Mashine ya dizeli ya hendeli kuitia stata, nani kashafanya?

mzawa_micheweni
Asalam alaykum wanajamvi. Nina mashine ya kusagia huku Micheweni, Pemba, injini ya Mchina S1100 ile ya silinda moja iliyolala, ya hendeli, mnaijua. Kusaga inasaga haina neno, tabu yake kuiwasha. Kijana niliyekuwa nae kaenda zake Unguja kutafuta kazi za hoteli, aliyebaki ni mzee mmoja na mie mwenyewe bega halitaki tena. Juzi hendeli imemrudi mzee, alhamdulillahi haikuvunja lakini mkono umevimba kama andazi. Sasa nauliza, injini hii hii naweza kuitia stata ya betri au ndo mpaka ninunue nyengine? Fundi wa hapa anasema haiwezekani, kuna mwengine Chake anasema inawezekana lakini kila nikimuuliza bei anabadilisha.

Pweza Mkavu
Inawezekana sana, pesa yako tu.

fundi_nyundo
Wa alaykum salam. Huyo aliyekwambia haiwezekani hajapita madukani siku nyingi. S1100 zinatoka kiwandani aina mbili, ya hendeli tupu na ya stata. Tofauti kubwa ipo kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la pembeni, ya stata ina meno pembezoni, halafu kuna kibao cha chuma kinachofungwa kwenye bloku na stata yenyewe ya volti 12. Kwa hiyo unachotafuta ni flaiwili ya meno, kibao, stata, swichi, betri na waya mnene, na ukibahatika unapata vyote seti moja.

Kabla hujatoa hela toka nje na tochi ukaitazame bloku yako upande wa flaiwili, kama matundu ya bolti za kibao yapo. Zengine yapo tayari, zengine pahala pake pameachwa chuma kinene lakini hapajatobolewa, hapo inabidi utoboe mwenyewe na kupiga tepu, yaani kuchonga nyuzi za bolti, na ukitoboa upande kidogo tu stata itakaa upande maisha yake yote. Ukishafunga, pinioni, ile gia ndogo ya stata, ikiwa imetulia ibaki nafasi ya milimita 2 mpaka 4 kutoka kwenye meno ya flaiwili, isiguse.

Kidichi72
Bei ya seti?

fundi_nyundo
Njoo faragha

Kidichi72
Kila uzi bei faragha, kwani tunaposa?

Babu Lista
Wanangu mnakimbilia waya. Injini nzima ya silinda moja haihitaji stata, unanyanyua kile kimkono cha kuachia kompresheni, unazungusha mpaka flaiwili ishike mwendo wake, unaachia, inawaka. Mie nimekaa na Lista 6/1, injini ya dizeli ya kizamani, hosi pawa 6 kwa mizunguko 650, flaiwili huku na flaiwili huku, na mke wangu alikuwa akiiwasha mwenyewe nikiwa shamba. Ikiwa S1100 inamtoa mtu bega basi hiyo injini inaumwa, utaitia stata na bado haitowaka, utakachopata ni betri iliyokufa. Tazama nozeli, kile kinywa cha kuingizia dizeli, inanyunyiza au inakojoa. Tazama valvu. Tazama ringi za pistoni.

mzawa_micheweni
Shikamoo babu. Ikishapata moto inawaka kwa kuzungusha kidogo tu, asubuhi ndo kazi.

Babu Lista
Marhaba. Ndo ringi hizo. Ikiwa baridi upepo unapita pembeni ya pistoni, haukandamizwi vya kutosha, dizeli haipati joto la kuripuka. Mimina mafuta ya injini kijiko kimoja kupitia njia ya hewa kisha uwashe, ikikubali haraka umeshapata jawabu.

dizeli_baridi
Babu kwa heshima zote mie sikubali haraka hivyo. Asubuhi ngumu mchana rahisi inaweza kuwa mafuta yanarudi usiku, pale kwenye valvu ndogo ya juu ya pampu au kuna nati ya bomba imelegea inavuta upepo. Mzawa fanya hivi, asubuhi kabla ya chochote nyanyua kimkono cha kompresheni uzungushe taratibu na utege sikio kwenye nozeli. Ikilia *kri, kri* kila mzunguko wa pili basi mafuta yanafika. Kama kimya mpaka uzungushe weee ndo ianze kulia, hilo ni suala la mafuta, usiende kuvunja injini kwa ajili ya ringi. Na hicho kijiko cha mafuta babu mtu akizidisha? Mafuta hayakandamiziki, ataukunja mkono wa pistoni.

Babu Lista
Nimesema kijiko, sijasema kopo.

Shoka la Ole
Hebu ngojeni, mzawa, ukiwasha hiyo mashine mkanda wa kinu unakuwa umeuvua?

mzawa_micheweni
Mkanda haujavuliwa toka ufungwe, fundi aliyefunga aliuacha hivo. Lakini mchana inawaka nao huo huo.

Shoka la Ole
Yakhe! Mnazungusha injini na kinu chake pamoja, na mawe, kila asubuhi, halafu bega liwe zima? Tia puli ya bure, isiyozungusha kitu, pembeni ya puli ya kinu, mkanda unausogeza injini ikishawaka. Hapo hata stata hutoihitaji.

Kidichi72
Mzee wa watu anasukuma kiwanda kizima kwa mkono mmoja 😂

fundi_nyundo
Ya mkanda Shoka kasema kweli na hata ukitia stata usiiwashe na mzigo, stata ndogo itaungua. Lakini mtu kauliza stata, tumjibu stata.

BintiWete
Mie ninayo hiyo hiyo S1100, nakamua mafuta ya nazi hapa Wete, na stata nimeitia. Wanaume mtasema ringi sijui mkanda, mie nilitia kwa sababu nimechoka kungoja mtu wa kuniwashia. Mbata ziko ndani, wateja wako mlangoni, nami naulizia flani yuko wapi, kaenda msibani. Sasa nageuza ufunguo mwenyewe. Kwa hiyo mzawa tia, hutojuta.

Ila na mie nna langu niliulize hapa hapa. Meno ya flaiwili yanalika pahala pamoja tu, upana wa kiganja hivi, pengine pote meno mazima yanang'aa. Ikisimama hapo stata inazunguka bure inapiga kelele *grrrrr*, lazma nende nikaisogeze flaiwili kwa mkono kisha ndo ishike. Nini?

fundi_nyundo
Bi mkubwa hiyo kawaida ya silinda moja. Ukizima injini inazunguka zunguka mpaka inakosa nguvu ya kupita kompresheni, inarudi nyuma kidogo, inatulia. Kila siku inatulia karibu na pale pale, na pinioni inaingia kwenye meno yale yale, ndo yanayoliwa. Dawa yake ringi gia, ule mduara wa meno, inatolewa inageuzwa robo mzunguko inarudishwa, unapata meno mapya bila kununua kitu.

waya_mwekundu
Fundi nyundo unampa kazi kubwa ya bure. Kusimama pahala pamoja kunaeleza kwa nini yanalika PALE, hakuelezi kwa nini yanalika HARAKA. Mie fundi umeme wa magari, nikiona meno yameliwa naanza na waya. Dada waya wako wa betri unene gani?

BintiWete
Sijui unene, alitia fundi, ule wa nyumba wa kwenye jiko la umeme.

waya_mwekundu
Nilijua. Huo ni milimita mraba 4, labda 6. Hebu tupige hesabu kidogo: betri iko mita 2 kutoka kwenye stata, kwenda na kurudi mita 4. Shaba ya milimita mraba 4 kwa mita 4 ni kama omu 0.0175. Stata ikivuta ampea 200, na dizeli zinavuta 200 na zaidi, unapoteza volti 3.5 kwenye waya peke yake. Kwenye 12 inabaki 8 na nusu, na betri nayo inashuka ikibanwa. Solenoidi, ile sumaku inayosukuma pinioni, haipati nguvu, inashika inaachia inashika inaachia, na kila ikirudi pinioni inagonga meno ndo yanakatika. Waya wa milimita mraba 35 mita hizo hizo unapoteza volti 0.4. Badilisha waya kwanza, kwaruza rangi pale waya wa ethi unapofungwa kwenye bloku mpaka chuma cheupe kionekane, kisha ndo tuzungumze flaiwili.

dizeli_baridi
Hesabu nzuri lakini stata isiyopata umeme inalia *ta ta ta ta*. Yeye kasema *grrrrr*, hiyo inazunguka lakini haijashika. Mie naona moduli haiendani, meno ya pinioni na meno ya flaiwili si ya saizi moja. Hao wauza seti wanachanganya. Pima kipenyo cha nje cha pinioni kwa milimita, gawa kwa idadi ya meno ukiongeza 2. Pinioni ya meno 9 yenye milimita 33 ni moduli 3.

mkerezaji_wa_amani
Ya pinioni usiiamini. Pinioni yenye meno machache namna hiyo mara nyingi huwa imekerezwa nene kusudi jino lisiwe jembamba kwenye shina, kwa hiyo kipenyo chake kinadanganya, unaweza kupata 3.2 ukasema mbovu nayo nzima. Hesabu hiyo hiyo fanya kwenye ringi gia, yale meno mengi hayadanganyi. Meno 100 kipenyo 306 ndo moduli 3. Kisha chukua pinioni uiviringishe juu ya ringi kwa mkono, stata iko nje, utaona kwa macho kama inakaa au inapanda.

Lakini mimi dada nilitaka kuuliza kibao cha stata kafunga na bolti au kachomelea?

BintiWete
Kachomelea, na bolti moja.

mkerezaji_wa_amani
Basi mimi kura yangu iko hapo. Injini ya silinda moja inatikisika vibaya, kibao cha bolti moja kinayumba, stata inanyanyuka kidogo kila inapoanza kusukuma, meno yanashikana nchani tu badala ya kati. Muwekee mtu aguse stata kwa kidole wakati unawasha, akihisi inaruka jawabu umepata.

Pweza Mkavu
Mafundi wanne, maradhi manne. Kamili tano wamuachie mwenyewe achague.

Shoka la Ole
La tano hili hapa, anapiga stata kabla injini haijatulia. Haikuwaka mara ya kwanza, mtu ana haraka, anageuza tena ufunguo nayo flaiwili bado inarudi nyuma. Pinioni inakwenda huku meno yanakuja kule. Lazima uhesabu mpaka isimame kabisa. Na usishikilie zaidi ya sekunde 10, pumzisha kama dakika ndo urudie.

BintiWete
Haraka siku zote ipo, wateja hao hawana subira. Nitaangalia waya na kibao, hivyo viwili naweza kuviona. Shukran.

Kidichi72
Mie nna swali la kizamani, kwa nini msifunge tu mota ndogo ya umeme pembeni, mkanda, iizungushe dizeli mpaka iwake kisha mota inajiachia? Betri haipo, stata haipo, meno hayapo.

Pweza Mkavu
Ikiwa umeme upo si asage na mota?

Kidichi72
😂😂 nimeondoka

Babu Lista
Umeme! Mmesahau nyie. Ule mwaka 2008 giza la miezi mitatu Unguja nzima, Lista yangu ndo iliyokuwa ikipandisha maji mtaani kwetu, foleni ya ndoo toka alfajiri. Haikuwa na betri wala waya.

nyayo_za_fumba
Babu 2008 ilikuwa kama mwezi mmoja, toka mwezi wa tano mpaka wa sita. Ile ya miezi mitatu ni Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa chini ya bahari ndo ulikuwa ule ule mmoja toka 1980. Wa pili umekuja 2013.

Babu Lista
Giza ni giza.

mzawa_micheweni
Nyie wa Unguja mnalia miezi mitatu, sie Pemba waya wa kutoka Tanga umefika 2010, kabla ya hapo majenereta ya Wesha ndo yaliyokuwa yakitulea na hayakuwa yakitufikia wote.

nyayo_za_fumba
Na Babu hiyo Lista yako tuulize vizuri. Zile Lista CS zenyewe zilikuwa zikitengenezwa Dursley, Uingereza, toka miaka ya 1930 hivi mpaka 1987. Nyingi tunazoziona huku ni nakala za Rajkot, India. Tazama kibati.

Babu Lista
Kibati kimeng'oka zamani.

Pweza Mkavu
Rajkot hiyo 🤣

msimamizi_zamu
Turudi kwenye mada jamani. Lista fungueni uzi wake.

mzawa_micheweni
Ahsante msimamizi. Nimefanya ile ya dizeli_baridi asubuhi, nozeli inalia mara moja, sio mafuta. Nimefanya ya Babu pia, kijiko, ikawaka haraka kidogo lakini sio haraka ya kusema haraka. Ya mkanda sijaijaribu, kuuvua wenyewe ni kazi. Hata hivo stata nimeamua natia. Swali, betri itachajiwa na nini? Injini yangu haina dainamo.

waya_mwekundu
Seti nyengine zinakuja na dainamo ndogo ya mkanda, ikiwemo funga. Kama haimo usihangaike, kuwasha hakuli betri kama watu wanavyodhani. Ampea 250 kwa sekunde 5 ni ampea-saa 0.35 tu. Paneli ya sola ya wati 20 na kile kidude cha kudhibiti chaji inairudisha ndani ya nusu saa ya jua. Kinachoua betri huku kwetu ni kukaa bila chaji na chumvi. Terminali zikiota ule uji wa kijani osha na maji ya moto, kausha, paka grisi.

fundi_nyundo
Mie nasema dainamo. Paneli juu ya bati la mashine ya kusaga wiki moja tu imejaa vumbi la unga, halafu masika hilo jua liko wapi? Dainamo inachaji kila ukisaga.

waya_mwekundu
Na mkanda wa dainamo nao hauli vumbi la unga? Paneli unafuta kwa tambara.

fundi_nyundo
Nani apande juu ya bati kila wiki, mzee yule wa mkono?

BintiWete
Mie nna paneli na imenitosha ila masika ya mwaka huu nilifunga kwa sababu mbata hazikauki, niliporudi betri imekufa, na paneli ilikuwepo juu. Kwa hiyo msiniulize mie nani mkweli.

waya_mwekundu
Dada hiyo ni kidude kilichokufa au waya umeng'atwa na panya, siyo paneli.

fundi_nyundo
Au ni masika.

mzawa_micheweni
Haya. Nimepata flaiwili ya meno Mwanakwerekwe, sio mpya, na stata yake na kibao cha bolti tatu, inakuja na boti kesho. Kuna la kuangalia kabla sijafunga?

mkerezaji_wa_amani
Mengi. Kwanza ile flaiwili ya zamani usiiuze. Pembeni yake kuna alama, moja ya pistoni kufika juu kabisa na nyengine ya dizeli kuanza kuingia. Fundi wa kesho akitaka kurekebisha pampu anazitegemea hizo. Mpya nayo itakuwa nazo lakini hakikisha zinasema sawa, pandisha pistoni juu kabisa na flaiwili ya zamani, piga mstari wa chaki kwenye bloku, toa, funga mpya bila kugusa krenki, ule mhimili wa injini, alama yake iangukie pale pale kwenye chaki. Ikikosea kwa kidole kizima basi ni ya injini nyengine.

Pili tundu la kati ni la pembe, linabana lenyewe kwenye krenki na kuna ufunguo mdogo wa chuma. Safisha pembe zote mbili kavu, usipake grisi, na ufunguo uingie kwa kugonga kidogo, ukicheza cheza utakata siku moja nayo injini iko mbio.

Tatu hiyo sio mpya, hesabu meno. Izungushe yote kidole juu ya jino, utapahisi penye kuliwa. Kama pameliwa wageuze ringi gia kabla haijafungwa kwako maana ikiwa chini kwenye sakafu ni rahisi. Joto lisizidi nyuzi 200 na kitu, hata kwenye oveni ya mikate inatosha, ringi ya milimita 300 ikipanda nyuzi 180 inafunguka zaidi ya nusu milimita inadondoka yenyewe. Wasiipige gesi mpaka iwe nyekundu, meno yatalainika utarudi hapa na swali la BintiWete.

dizeli_baridi
Na pinioni uiviringishe kwa mkono kama alivyosema, kabla hujatoa hela ya usafiri wa kuirudisha.

Kidichi72
Oveni ya mikate, na boflo ya kesho itanuka grisi.

Shoka la Ole
Hiyo flaiwili ya zamani ataitoaje? Pale watu wanapiga nyundo mpaka wanapinda krenki.

mkerezaji_wa_amani
Nyundo marufuku. Legeza ile nati kubwa lakini usiitoe yote, acha ishike nyuzi chache isije ikaruka na kumuangukia mtu mguuni, kisha pula, kile kifaa cha kuvutia, ya miguu miwili, kaza, gonga kichwa cha pula mara moja, kaza tena. Inatoka na mlio.

mzawa_micheweni
Pula ya saizi hiyo Micheweni haipo. Shoka, wewe uko Ole, unayo?

Shoka la Ole
Ninayo. Kuazima naazima, lakini unakuja kuichukua mwenyewe, na unairudisha kabla ya Ijumaa maana kuna mtu wa Konde kashaiweka nafasi.

Kidichi72
Na bei ya kuazima iko faragha?

Shoka la Ole
Lita mbili za mafuta ya nazi. Ya BintiWete, sio ya dukani.

BintiWete
Mie nimeingiaje hapo?